Gari la Kuvutwa, Liulize Likiwa Limelala

Leo tunakwenda Marekani, kwenye jambo la barabarani ambalo kwetu halijazoeleka. Wenzetu waliohamia Minnesota, Texas, au ng'ambo ya mpaka kule Ontario, wanaliona kila msimu wa safari.

Mbele linakwenda gari kubwa lenye umbo la basi. Ndani mna kitanda, jiko, choo na bafu. Nyuma yake, karibu kabisa, linafuata gari dogo la kawaida. Magurudumu yake yote manne yako chini, taa zinawaka, indiketa inapiga upande uleule wa lile la mbele, na ndani hamna mtu. Mgeni anayeliona kwa mara ya kwanza hugeuka kutazama tena. Wenyeji hata hawashtuki.

Lile la mbele ndilo motohomu, nyumba yenye injini. Lile la nyuma ndilo mazungumzo yetu ya leo. Mtu mwenye motohomu na mfuko wa wastani, akitaka gari dogo lililotumika, la bei nafuu, alivute nyuma, achague lipi?

Kwanza, kwa nini alivute? Motohomu kubwa huweza kufika mita 10 au 12 kwa urefu. Ikitumia petroli, kunywa lita 30 kwa kilomita 100 si ajabu. Ikishafika kambini inasawazishwa, inaunganishwa na umeme, bomba la maji na bomba la maji machafu. Baada ya hapo, mama akitaka maziwa ya chai, je, mng'oe kila kitu mkaendeshe nyumba nzima hadi dukani? Na mkifika dukani mtaegesha wapi? Ndiyo maana wastaafu wanaokimbia baridi ya kaskazini, wakateremka Arizona, Florida au Texas kupisha miezi ya theluji, wengi wao huja na gari dogo. Nenda Quartzsite, kimji cha jangwani Arizona, mwezi wa Januari. Utakuta motohomu zimetanda mpaka upeo wa macho, na pembeni ya nyingi kimeegeshwa kigari cha kwendea sokoni.

Sasa sikiliza watu wanavyokosea. Wanalichagua gari hilo kwa macho ya siku zote. Wanauliza bei, wanauliza linakula mafuta kiasi gani, wanafungua boneti, wanaliendesha kidogo, wanaridhika. Maswali hayo yote ni ya gari lililo macho. Lakini gari hili litakwenda maelfu ya kilomita injini ikiwa imezimwa, limelala. Basi swali la kwanza ni hili: likilala, likaburutwa kutwa nzima kwa mwendo wa barabara kuu, litaamka salama?

Jibu liko kwenye giaboksi. Tukae hapo kidogo, maana hapa ndipo pesa zinapopotea.

Chukua otomatiki ya kawaida. Ndani ya giaboksi ile kuna pampu ya oili, na pampu inazungushwa na injini. Injini ikiwaka, oili inafika kila mahali. Injini ikizimwa, pampu inasimama. Sasa lifunge gari hilo nyuma ya motohomu uondoke nalo. Magurudumu yanazunguka, yanazungusha ekseli, ekseli nazo zinazungusha vyuma vya giaboksi, na oili haiji. Chuma kinasugua chuma, joto linapanda. Wewe uko mbele kabisa umeshika usukani wa nyumba yako, husikii lolote. Utajua siku ya pili utakapotia gia na gari lisisogee. Mafundi wa kwetu hili wanalifahamu vizuri. Ndiyo maana gari la otomatiki likiharibika njiani wanakwambia usilivute kwa kamba masafa marefu, tafuta gari la kulibeba.

Basi mtu atasema, nitanunua la gia za mkono, nimemaliza. Hujamaliza. Gari la gia za mkono linalovutwa na magurudumu ya mbele, mara nyingi giaboksi yake na difu vinakaa katika nyumba moja na kutumia oili moja. Magurudumu yakizunguka, gia kubwa ya difu inachota oili na kuirusha kwa zilizo juu yake. Mengi ya namna hiyo yanaweza kuvutwa. Lakini la gia za mkono linalosukumwa na magurudumu ya nyuma ni habari nyingine. Mle oili hurushwa na shafti ya chini, na shafti hiyo haizunguki injini ikiwa imezimwa na gia ziko nyutro. Shafti ya kutokea inazunguka, ile ya kuirushia oili imetulia. Hapo lazima propela ifunguliwe au kifungwe kifaa cha kuikata, na gharama imeshaongezeka.

Kuna kundi la tatu, nalo ndilo linalopendwa sana: magari ya 4x4 yenye transfa, yaani boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ambayo ina nyutro yake yenyewe. Ukiiweka transfa nyutro, mzunguko unaotoka kwenye magurudumu unakatikia pale, haufiki kwenye giaboksi. Hata kama ni otomatiki, giaboksi inapumzika kwelikweli.

Na kuna kundi la nne, dogo, la otomatiki zilizoundwa kwa namna ya pekee. Honda kwa miaka mingi, na Saturn katika magari yake madogo ya S, walipanga shafti sambamba ndani ya otomatiki zao, karibu na mpango wa gia za mkono, badala ya zile gia zinazozungukana zilizomo katika otomatiki nyingi. Kwa sababu hiyo watengenezaji hao waliweza kuandika kwenye kitabu cha gari kwamba linaruhusiwa kuvutwa magurudumu yote yakiwa chini.

Hapo nimetaja kitabu cha gari, na hapo ndipo penye hukumu. Magari ya Marekani huja na kitabu chenye ukurasa unaohusu kuvutwa nyuma ya motohomu. Ukurasa huo ama unaruhusu, ama unakataza. Lakini uwe makini, maana kuna ukurasa mwingine wa kuvutwa wakati wa dharura, unaoruhusu masafa mafupi kwa mwendo wa polepole hadi gereji. Dalali akikuonyesha huo wa dharura, mrudishie kitabu chake. Na usome kitabu cha mwaka uleule wa gari unalotaka. Nitakupa mfano. Honda CR-V ya 2014 inaruhusiwa kuvutwa. Ya 2015 ilipewa giaboksi ya aina nyingine, iitwayo CVT, na ruhusa ikaondoka. Ziegeshe pamoja, mtu asiye na jicho la fundi ataona magari mawili yanayofanana.

Tuje kwenye majina. Mengi yapo, ila nitazungumzia manne.

La kwanza ni hiyo Honda CR-V, ya kabla ya 2015. Sisi tunaifahamu, imejaa Nairobi na Dar es Salaam. Kule Marekani ilianza kuuzwa na modeli ya 1997, kwa hiyo iko ya kila mfuko. Uzito wake ni kama kilo 1,500, kutegemea mwaka. Ni gari la watu wanne na mizigo yao. Lakini ina masharti. Kabla ya kuivuta unaiwasha, unapitisha gia zote moja moja, unaiacha kwenye D sekunde tano, unarudisha nyutro, unaiacha iungurume dakika tatu ndipo unazima. Ufunguo unabaki kwenye nafasi ya kwanza ili usukani usijifunge. Mwendo usizidi maili 65 kwa saa, yaani kilomita 105 hivi, na ukivuta zaidi ya saa nane kwa siku, utaratibu wote unarudiwa. Mtu mvivu asiinunue. Kwa zile za 2002 hadi 2006, washa pia AC uisikilize vizuri, maana kompresa zake zina historia ya kufa na kumwaga vipande vya chuma kwenye mfumo mzima.

La pili ni Geo Tracker, iliyokuja kuitwa Chevrolet Tracker hadi 2004. Usiogope jina. Ni ndugu wa tumbo moja na ile Suzuki Escudo au Vitara inayopanda vilima vya kwetu, ila hii iliundwa Ingersoll, Ontario, kwenye kiwanda cha ubia wa General Motors na Suzuki. Yenye milango miwili ina uzito wa kama kilo 1,100 tu, na ina transfa yenye nyutro. Kitabu chake kinataka usimame kila maili 200, kilomita 320 hivi, uwashe injini kidogo ili oili izunguke. Mtego wake ni mmoja, nao ni mbaya. Yako matoleo yasiyo ya 4x4. Hayo hayana transfa, kwa hiyo hayana nyutro unayoitafuta, na kwa nje yanafanana na ndugu zao. Chungulia ndani utafute mkono wa pili wa gia kando ya ule wa kawaida. Kama haupo, aga uondoke.

La tatu ni Jeep Wrangler. Kwa kuvutwa ni bingwa, kwa sababu ya transfa ile ile. Ukiwa na Wrangler utaingia pia njia za mawe na mchanga ambazo CR-V haizitaki. Lakini sisi tunazungumza habari ya unafuu, na Wrangler haishuki bei kwa urahisi. Hata ikizeeka, mwenye nayo anadai bei ya kijana.

La nne ni Saturn ya S, iliyotengenezwa Spring Hill, Tennessee, kuanzia modeli za 1991 hadi 2002. Kwa miaka mingi hili ndilo lililokuwa gari la wanyonge wa motohomu. Ni jepesi, lina uzito wa kilo 1,100 hivi, milango na mabawa yake ni ya plastiki ngumu isiyopata kutu, na linavutika kwa gia za mkono na kwa otomatiki. Bei yake sasa ni ya kutupa. Lakini General Motors waliifunga Saturn mwaka 2010, magari yenyewe ni ya zamani, na injini zake zinajulikana kwa kula oili. Ukilikuta kwa mzee aliyelitunza, si baya. Ukilikuta kwenye yadi limefunikwa vumbi, usidanganywe na bei.

Sasa uzito. Wengi wanatazama nguvu ya injini ya motohomu tu. Namba za kutazama ni mbili, na ndogo kati yake ndiyo inayotawala. Ya kwanza ni jumla ya uzito ambao mtengenezaji ameruhusu motohomu na anachokivuta viwe pamoja. Tuseme jumla ni kilo 10,400, na motohomu yako ikishajaa maji, mafuta, nguo na vyombo ina kilo 8,600. Umebakiwa na kilo 1,800. Ya pili ni uwezo wa ndoano ya kuvutia yenyewe, ulioandikwa kwenye kibati chake. Ndoano ikisema kilo 1,600, basi mwisho wako ni 1,600, hata injini iwe na nguvu za tembo. Na usikisie uzito wa nyumba yako. Ipeleke kwenye mizani ya malori ikiwa na kila kitu ndani, kwa sababu watu waliosafiri mwaka mzima hukusanya vitu bila kujua.

Hapo ndipo gari jepesi linapojilipa. Kila kilo iliyopungua nyuma ni breki iliyopata nafuu mbele, hasa unapoteremka milima ya Colorado.

Tuhesabu pesa, maana mali bila daftari huisha bila habari. Bei ya gari si bei ya jambo hili. Unahitaji chuma cha kuvutia chenye umbo la V. Unahitaji kitako cha chuma kinachofungwa kwenye chesisi, nyuma ya bampa, na kila modeli ina kitako chake. Unahitaji minyororo ya usalama, nyaya za taa, na mfumo wa breki utakaolifunga gari dogo unapofunga breki za motohomu. Mfumo huo uwe na swichi ya kulisimamisha gari lenyewe endapo litachomoka. Vikiwa vipya, pamoja na kazi ya fundi, vitu hivi hupita dola 2,000 bila kutoa jasho, na mara nyingi hupita sana. Mtu anaweza kununua Saturn ya bei ya chini akakuta vyuma vya kuifungia vinalizidi bei gari lenyewe. Na usijaribu kuokoa kwenye breki. Majimbo mengi yanalazimisha breki kwa kinachovutwa kikizidi kiwango fulani, na pauni 3,000, yaani kilo 1,361, ni kiwango utakachokikuta mara nyingi. Lakini hata pale sheria iliponyamaza, tani moja na nusu inayokusukuma kutoka nyuma kwenye mteremko haijui sheria.

Kwa hesabu hiyo, gari lililokwisha kuvutwa na mtu mwingine, likiwa na kitako na nyaya zake, linaweza kukuokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote la bei. Ila lichunguze kwa namna yake. Mita yake inaweza kukudanganya kwa pande zote mbili. Magari ya zamani yenye mita ya waya huhesabu hata yakivutwa, kwa hiyo kilomita zinaonekana nyingi na injini bado ina nguvu. Ya kisasa yenye mita ya umeme mara nyingi hayahesabu. Mita inaonyesha kilomita 90,000, kumbe matairi na beringi zimetembea maradufu. Basi weka jeki, zungusha kila gurudumu kwa mkono, sikiliza. Tazama matairi ya mbele kama yameliwa upande mmoja. Kagua mahali kitako kilipofungwa, usione ufa wala boliti iliyolegea. Nusa oili ya giaboksi. Ikinuka kuungua, mtu alilala kwenye masharti.

Nitaje kwa ufupi njia mbili nyingine. Ipo ya kitoroli cha magurudumu mawili kinachobeba magurudumu ya mbele ya gari, kwa hiyo otomatiki nyingi zinazovutwa na magurudumu ya mbele zinaweza kusafiri. Ikiwa tayari unalo gari zuri la namna hiyo, hiyo ni njia ya maana. Lakini kitoroli nacho kina uzito wake, kulifunga gari juu yake wakati wa mvua ni adha, na ukifika kambini utafute pa kukiweka. Njia ya pili ni tela linalobeba gari zima. Linachukua gari lolote, ila uzito wake unakula sehemu kubwa ya kilo zako.

Na ukishalifunga gari, yapo machache ya kushika. Usirudi nyuma. Magurudumu ya mbele ya gari linalosukumwa hukata kona yenyewe hadi mwisho, yanaburutwa yakiwa yamelala upande, na chuma cha kuvutia kinapinda. Ukiingia pasipo na pa kutokea, shuka ulifungue gari. Chuma hicho nacho kikae karibu sawa na ardhi. Ndoano ikiwa chini sana, gari litataka kupanda nyumba wakati wa breki. Toa fyuzi ambazo kitabu kinakuambia utoe, la sivyo betri itakufa njiani. Kabla ya kuondoka, zunguka uone hendibreki imeachiwa na gia ziko mahali pake. Waliosahau gia ya kwanza wakaingia barabara kuu waliua injini kabla ya chakula cha mchana. Na mwendo uwe wa wastani. California imekata shauri lenyewe: kila anayevuta, mwisho wake ni maili 55 kwa saa, kilomita 88.

Sasa ukiniuliza mimi, nitakujibu hivi. Motohomu yako ikiwa na kilo za kutosha, tafuta CR-V ya kabla ya 2015, hasa iliyokwisha kufungwa kitako. Ikiwa motohomu ni ndogo na ndoano yake haina uwezo mkubwa, Tracker ya 4x4 itakufaa, ukikubali kelele zake na viti vyake vigumu. Saturn iache iwe bahati, usiifuate mbali. Na ikiwa safari zako zenyewe ni za kufika mahali pamoja na kukaa miezi mitatu, piga hesabu ya kukodi gari hukohuko. Huenda ukaona huna haja ya kuvuta kitu chochote.

Ukienda kwa muuzaji, usianze na bei. Omba kitabu, fungua ukurasa wa kuvutwa nyuma ya motohomu, usome mwenyewe kwa macho yako. Ukurasa ukiruhusu, toa kalamu, mwanze kupatana. Ukikataza, mshukuru kwa muda wake, hata kama gari ni jipya na bei ni ya ndugu.